Macho Yanapokataa Usiku: Ushauri Unaotafutwa Marikiti

Kazi ya Marikiti ya Mombasa huanza kabla ya jua. Mboga za jumla huchukuliwa Kongowea kungali na kiza, zikavushwa Daraja la Nyali hadi kisiwani, na kukipambazuka meza zimeshapangwa kulizunguka jengo lile la mwaka 1914 ambalo vitabu huliita Soko la Mackinnon na ambalo wenyeji hawajawahi kuliita hivyo. Jioni mambo hugeuka: mkokoteni unarudi, tuktuk zinabanana Barabara ya Digo, na wanaokaa Mji wa Kale wanashika vichochoro ambavyo taa yake moja ikizimika mtu hutembea kwa kukumbuka. Anayeishi namna hii huyajua macho yake ya usiku kuliko mfanyakazi wa ofisini. Ndiyo maana malalamiko husikika hapa mapema. Huyu anasema taa za malori zinamtia kiwi. Yule haoni tena ngazi za msikitini akienda kuswali alfajiri. Mwengine anaona miduara ya rangi kuzunguka kila taa, au akitoka juani kuingia dukani hukaa kitambo kizima haoni mteja aliye mbele yake.

Na ushauri hupatikana papo hapo. Muuza viungo ana mafuta ya habasoda, jirani ana asali mbichi, duka la dawa lina chupa ndogo ya matone, kijana wa miwani anazo kumi mkononi. Kila mmoja ana jibu, na mara nyingi analitoa kwa nia njema. Tatizo la Marikiti, kwa maoni yangu, halijapata kuwa uhaba wa ushauri. Tatizo ni kwamba ushauri wote huo hutolewa na watu ambao hawajaona ndani ya jicho. Kutoona vizuri usiku ni dalili inayoshirikiwa na magonjwa mengi. Upo unaokwisha kwa siku chache za vitamini, upo unaoondolewa kwa upasuaji usiofika nusu saa, na upo ambao kilichopotea hakirudi lakini kilichobaki kinaweza kulindwa. Kwa kumtazama mgonjwa usoni hakuna awezaye kuyatenganisha, hata daktari.

Kwanza, nini cha kawaida na nini si cha kawaida? Nyuma ya jicho kuna retina, utando wenye seli za aina mbili. Seli za koni, kama milioni 6, hushughulikia rangi na mwanga wa mchana. Seli za fimbo, karibu milioni 120, ndizo zinazotuongoza gizani, na zinafanya kazi hiyo kwa rangi iitwayo rodopsini inayotengenezwa kwa vitamini A. Mwanga mkali huivunja rodopsini, kiza huiacha ijijenge upya, na ujenzi huo huchukua kama nusu saa kukamilika. Kwa hivyo mtu aliyetoka kwenye jua la saa saba mchana akaingia ghala la viazi, akaona kiza dakika chache, hana ugonjwa. Umri nao una haki yake. Kuanzia miaka ya arobaini mboni haitanuki gizani kama zamani, na lenzi huanza kuwa ya manjano. Retina ya mtu wa miaka 60 hupata karibu theluthi tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Kuhitaji taa zaidi uzeeni ni jambo la kutarajiwa. Kisichotarajiwa ni mabadiliko: aliyekuwa akiona mwaka jana na sasa haoni, jicho moja likazidiwa na jingine, mtu akaanza kugonga vitu vya ubavuni, au kijana wa miaka 15 akashindwa kutembea baada ya magharibi wakati wenzake wanacheza mpira.

Jibu la kwanza linalotolewa sokoni ni chakula, na lina asili ya kweli. Waganga wa Misri ya kale na wa Ugiriki waliagiza maini kwa asiyeona usiku, maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kujua kwa nini yanafaa. Sababu ilijulikana mwaka 1933, George Wald alipoikuta vitamini A ndani ya retina, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Marikiti yenyewe ni duka la vitamini hiyo: maini, mayai, mchicha, kisamvu, maembe, karoti, maboga, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Viazi hivyo vina historia ya hapa kwetu. Mtaalamu wa Uganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya kuyaimarisha na kuyaeneza mazao yenye virutubisho kama hivyo. Hata mafuta ya sifa, ambayo mabaharia wameyapaka mbao za majahazi tangu zamani, hutoka kwenye maini ya papa, na maini ya papa yana vitamini A nyingi mno. (Asije mtu akayanywa. Vitamini hii ikizidi mwilini ni sumu, na kwa mwanamke mja mzito dozi kubwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.)

Kwa watoto jambo hili ni la kufa na kupona. Mtoto anayekosa vitamini A huanza kwa kujikwaa jioni, kisha sehemu nyeupe ya jicho hukauka na kutoa madoa kama povu, kisha konea huweza kulainika na kutoboka kwa siku chache. Surua na kuharisha kwa muda mrefu huiharakisha njia hiyo. Alfred Sommer na wenzake walipowagawia watoto vitamini A huko Aceh, Indonesia, vifo vilipungua kwa asilimia 34, na matokeo hayo yaliyochapishwa mwaka 1986 ndiyo yaliyobadilisha sera za dunia. Kenya huwapa watoto wa miezi 6 hadi 59 dozi kila miezi sita, nyingine katika wiki za Malezi Bora, na mama wa Majengo au Kibokoni hana sababu ya kuikosa kwa sababu hutolewa bure kwenye zahanati. Mtoto asiyeona jioni asipelekwe kununuliwa karoti. Apelekwe kliniki siku hiyo hiyo, kwa kuwa dozi anayoihitaji ni ya matibabu.

Lakini mtu mzima anayekula samaki, mayai na mboga za majani, kama walivyo wengi wa kisiwa hiki, ni nadra kupungukiwa vitamini A, isipokuwa ana ugonjwa wa ini, wa kongosho au wa matumbo unaomzuia kuifyonza. Hapo ndipo ushauri wa karoti unapogeuka kuwa na madhara. Karoti yenyewe haina kosa. Kinachomdhuru ni miezi sita anayokula karoti huku ugonjwa mwengine ukiendelea na kazi yake.

Mara nyingi, kwa aliyepita miaka 50, ugonjwa huo ni mtoto wa jicho. Lenzi hupoteza uangavu wake polepole, na mtu huanza kuona kama anayetazama kupitia kioo cha kandili kilichoshika masizi: mchana anavumilia, usiku taa ya gari inayomjia hutawanyika na kujaza jicho zima. Rangi hufifia. Miwani mipya haikai mwaka kabla ya kuhitaji kubadilishwa. Kuna na dalili moja inayowadanganya wengi: mzee aliyekuwa hasomi bila miwani huanza kusoma msahafu au gazeti kwa macho matupu, na nyumba nzima inashukuru kwamba macho yake yamerudi. Hayajarudi. Lenzi inayokuwa nzito katikati hubadilisha nguvu yake na kumsogezea maandishi ya karibu, na baada ya muda hata hayo yatapotea. Utafiti mkubwa wa Nakuru wa mwaka 2007 na 2008, uliowapima zaidi ya watu 4,400 wa miaka 50 na kuendelea, uliukuta mtoto wa jicho ukiongoza miongoni mwa sababu za upofu, na hivyo ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya dunia. Ushauri wa kusubiri "ukomae" ni wa zama zilizopita. Upasuaji wa siku hizi, unaoweka lenzi ya plastiki mahali pa ile iliyochafuka, ni rahisi zaidi kabla lenzi haijawa ngumu kama jiwe.

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, ndiyo inayonitia hofu zaidi. Haiumi. Haina wekundu. Hula pembeni kwanza, na kwa vile macho mawili husaidiana na ubongo hujaza mapengo, mtu haoni kwamba haoni. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta watu 4 kati ya kila 100 waliopita miaka 40 wana ugonjwa huu. Kwa Waafrika huanza mapema na huwa mkali zaidi, na mwenye mzazi au ndugu aliyeugua yumo hatarini kuliko wengine. Seneta Crystal Asige, mwanamuziki aliyekulia Pwani na kuteuliwa Seneti mwaka 2022, alipoteza kuona kwa glakoma akiwa bado kijana. Namtaja kwa sababu wengi hapa wanauhesabu ugonjwa huu kuwa wa wazee. Kinachoharibiwa na glakoma, yaani neva inayopeleka picha kwenye ubongo, hakirudishwi na dawa wala upasuaji. Matone ya kila siku, au upasuaji, huizuia isiendelee. Anayeanza kuhangaika usiku kwa sababu ya glakoma ameshapoteza mengi, na kila mwezi anaoutumia kuulizauliza madukani unatoka kwenye akiba iliyobaki.

Matone hayo yana mambo mawili ambayo mgonjwa wa hapa anapaswa kuyajua. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kuandikiwa, kwa kuwa baadhi ya dawa za glakoma, timolol mojawapo, zinaweza kumbana kifua vibaya. Na wapo wanaoacha matone mwezi mzima wa Ramadhani wakiogopa kufuturu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani, dawa inayotiwa jichoni haibatilishi saumu. Aliye na shaka amuulize imamu wake, lakini amuulize kabla ya mwezi kuandama, si baada ya chupa kukaa kabatini siku thelathini.

Kisukari kina njia zake. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi nayo hubadilika, na mtu anaweza kuona vizuri Jumatatu na ukungu Ijumaa. Wapo wanaogundua kisukari kwa kwenda kupimwa miwani tu. Baadaye mishipa midogo ya retina huvuja damu au huziba. Aliyegunduliwa kuwa na kisukari cha ukubwani anatakiwa apimwe retina siku zile zile za kugunduliwa, kisha kila mwaka, hata akiona vyema. Tiba ya miale ya leza huokoa macho mengi hapa, na ni haki ya mgonjwa kuelezwa mapema kwamba leza iliyochomwa kwa upana inaweza kumpunguzia kuona usiku. Asiyeambiwa hivyo huamini daktari amemharibu, hukimbia, na huwatisha wengine.

Jambo la nyumbani zaidi ni lile la koo fulani ambamo kila kizazi hutokea mmoja au wawili wasioona usiku. Mtoto huitwa mzembe kwa kugonga viti, au mwoga kwa kukataa kutumwa dukani jioni. Ukubwani huona mbele tu, kama anayechungulia, na pembeni kote hakuna kitu. Huenda ana retinaitisi pigmentosa, jina la kundi la magonjwa ya kurithi yanayoua seli za fimbo kwanza na ya koni baadaye. Duniani humpata mtu kama mmoja kati ya 4,000. Aina zake nyingi huhitaji mtoto arithi hitilafu hiyo hiyo kutoka kwa baba na kwa mama, na hapo ndoa za binamu, ambazo zimeunganisha koo za Mji wa Kale, Lamu, Unguja na Omani kwa karne nyingi, huongeza uwezekano. Nasema hili bila kumlaumu mtu. Ndoa nyingi za binamu huzaa watoto wazima, na ugonjwa huu huwatokea pia waliooa mbali. Lakini ukoo wenye wasioona usiku una haki ya kujua kabla ya kuposa, na kunyamaza kwa kuogopa aibu kumewanyima vijana haki hiyo. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 huwafaa wachache tu wenye hitilafu ya jeni moja maalumu. Waliobaki wana mengi ya kusaidiwa: mtoto wa jicho unaoambatana na ugonjwa huu huweza kutolewa, uvimbe wa retina hutibiwa, na mtoto akigunduliwa mapema atafundishwa kutembea kwa fimbo na kusoma kwa njia inayomfaa. Shule ya wasioona ya Likoni ipo ng'ambo ya kivuko tu.

Wapo na wengine wa kutajwa upesi. Kijana wa bodaboda anayeona mbali kwa shida anaweza kuwa na uoni wa karibu tu, ambao usiku huzidi mboni inapotanuka. Miwani sahihi humaliza kesi. Mtoto anayesugua macho kila siku kwa mzio anaweza kuipinda konea yake. Aliye kwenye miezi miwili ya mwanzo ya dawa za kifua kikuu anameza ethambutoli, dawa ambayo mara chache hudhuru neva ya macho. Akianza kuona ukungu au kuchanganya nyekundu na kijani, arudi kliniki mara moja, na asiache dawa zote kwa kujiamulia.

Turudi kwa watoa ushauri, maana si wote wa kupimwa kwa mizani moja. Kijana wa miwani nampa nafasi yake. Utafiti uliofanywa Unguja na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta zaidi ya watu 8 kati ya 10 waliofika umri wa miaka 40 wanahitaji miwani ya kusomea, na wasiofika 2 kati ya 10 ndio walioipata. Miwani ya bei ndogo inayomwezesha mshona kofia kutunga uzi ni neema, na haiharibu jicho wala hailitii uvivu, ingawa imani hiyo imekita mizizi. Mipaka yake ni kwamba anayeiuza hajui kwa nini unaihitaji. Ikiwa miwani ya kusomea imekusaidia kusoma, vyema. Ikiwa unaitafuta kwa sababu ya usiku, umefika mlango usio wako.

Muuza viungo naye hana hatia kwa habasoda inayoliwa. Hatari ni kinachotiwa ndani ya jicho: asali, maji ya majani yaliyopondwa, maziwa. Madaktari wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiandika kwa miaka kuhusu vidonda vya konea vinavyotokana na dawa za namna hii, na chamba cheupe kinachobaki baada ya kidonda hakisafishiki. Wanja nao una la kuchunguzwa. Aina kadhaa zilizopimwa maabara katika nchi mbalimbali zimekutwa na madini ya risasi kwa wingi, na risasi humdhuru ubongo mtoto mchanga anayepakwa ili apendeze. Na katika soko hili hili huuzwa chokaa ya tambuu. Chokaa ikimrukia mtoto jichoni huunguza konea na kuendelea kupenya hata maumivu yakipungua. Papo hapo mwoshe kwa maji safi mengi, nusu saa nzima bila kusita, kisha hospitali.

Lakini kero kubwa kuliko zote, na hapa sitapunguza maneno, ni matone yenye steroidi yanayouzwa bila karatasi ya daktari. Mtu anaingia duka la dawa na jicho jekundu. Anapewa chupa yenye deksamethasoni, mara nyingi imechanganywa na dawa ya kuua vijidudu. Kesho jicho ni jeupe, mwasho umetulia, naye anamsifu muuzaji. Wiki ijayo anarudi kununua nyingine, kisha inakuwa desturi, hasa kwa watoto wenye mzio wa macho unaorudi kila msimu wa vumbi. Steroidi hizo hizo, zikitumiwa wiki kwa wiki, hupandisha shinikizo ndani ya jicho kimyakimya, huleta mtoto wa jicho kwa mtu mdogo, na kidonda kikiwa cha kuvu au cha virusi hukipa nguvu. Nyuma ya wekundu ulioondoka kunaweza kuwa na glakoma iliyozaliwa na dawa. Kwa sheria za Kenya dawa za namna hii huuzwa kwa agizo la daktari, na mwenye duka analijua hilo. Anayemuuzia mama matone haya kwa mtoto wake bila agizo anauza upofu, na ukaguzi wa maduka unaopita bila kuziuliza chupa hizo haujafanya kazi yake.

Kwa nini basi watu hawaendi moja kwa moja kwa wenye utaalamu? Wengine husema ni ujinga. Sikubaliani nao. Anayeuza nyanya akifunga meza siku moja, nyanya zinaoza na deni la Kongowea linabaki. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee bado huiita Makadara, ina kitengo cha macho, lakini foleni yake humla mtu siku nzima. Bima nayo imebadilika: SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na wengi wa sekta isiyo rasmi bado hawajaelewa walicholipia kinawapa nini. Madaktari bingwa wa macho wa Kenya ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Kwa wanawake kikwazo ni kikubwa zaidi. Kituo cha afya ya macho cha KCCO kilichoanzishwa Moshi mwaka 2001 kimeonyesha kwa tafiti zake kwamba wanawake hufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kwa uchache kuliko wanaume, ingawa wao ndio wengi wanaougua, kwa kuwa fedha na ruhusa ya kusafiri viko mikononi mwa wengine. Bibi haambiwi asiende. Huambiwa asubiri mjukuu apate nafasi.

Hata hivyo njia ipo, na si ya matajiri peke yao. Mbali na Makadara, kuna kituo cha macho cha Lighthouse for Christ mjini Mombasa, na ng'ambo ya Likoni, kusini, kuna Kituo cha Macho cha Kwale kilichoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Helen Roberts, ambacho kimejijengea jina kwa kuwafuata wagonjwa vijijini badala ya kuwasubiri. Si lazima uonwe na daktari bingwa siku ya kwanza. Afisa wa tiba aliyesomea macho anaweza kukupima, kukutibu mengi, na kukuelekeza kwa bingwa panapohitajika.

Ukifika, vipimo vinne ndivyo vinavyojibu swali la usiku. Cha kwanza ni ubao wa herufi, jicho moja moja. Cha pili ni shinikizo la jicho, ambalo kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 (mmHg), ingawa glakoma humtokea hata mwenye shinikizo la kawaida. Cha tatu ni upeo wa kuona wa pembeni. Cha nne, na ndicho kinachorukwa mara nyingi, ni kutiwa matone ya kutanua mboni ili retina na neva vionekane. Matone hayo huchukua kama nusu saa kufanya kazi na huacha ukungu wa karibu kwa saa kadhaa, kwa hivyo usiende ukiendesha pikipiki, nenda na mwenzako. Mpe anayekupima habari zote: lini ilianza, jicho moja au yote mawili, dawa unazomeza, matone uliyotumia hata kama yalitoka kwa jirani, kisukari, na nani katika ukoo hakuona. Chukua na zile chupa mkononi. Kuficha kwa kuona haya kunampotezea yeye muda na wewe macho.

Yapo yasiyosubiri hata siku moja. Vimulimuli vya ghafla pembeni, madoa meusi mengi kama nzi yaliyoanza leo, au pazia linaloshuka upande mmoja, huenda ni retina inayobanduka. Jicho jekundu lenye maumivu makali, kichwa kuuma, kutapika na miduara ya rangi kwenye taa, huenda ni glakoma ya ghafla. Kuona kukikatika kwa dakika chache kisha kukarudi ni onyo la mishipa, na huweza kutangulia kiharusi. Mtoto ambaye mboni yake hung'aa nyeupe kwenye picha ya simu apimwe saratani ya jicho bila kuchelewa. Hawa waende hospitali usiku huo huo.

Tangu afya ilipogatuliwa mwaka 2013, haya ni mikononi mwa Kaunti ya Mombasa, na yanayodaiwa si ya gharama ya kutisha. Kliniki za kisukari ziwe na mashine ya kupiga picha ya retina ili mgonjwa asitumwe jengo jengine siku nyengine. Maduka ya dawa yakaguliwe kwa ajili ya matone ya steroidi hasa. Na mara moja kwa wiki afisa wa macho aje Marikiti alfajiri, kabla meza hazijajaa wateja. Kifaa cha simu cha kupimia uoni kiliwahi kujaribiwa Nakuru mwaka 2013 na daktari Andrew Bastawrous na wenzake, kikatumika baadaye kuwapima wanafunzi wa Trans Nzoia. Kilichowezekana kule bara hakishindikani kisiwani.

Wewe unayesoma, ikiwa usiku wako umebadilika mwaka huu, panga siku ya kwenda wiki hii, na ukiwa na mama au bibi anayelalamika, mpeleke wewe mwenyewe. Omba utanuliwe mboni. Ukiambiwa hakuna haja, uliza kwa nini, na usiondoke bila jibu.